Mnyoo Anavyowatuliza Askari wa Tumboni

(Maneno haya yalisemwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa hapa ili kila mwanafunzi ayasome tena polepole, darasani au nyumbani kwake.)

Tunaomba kila mtu akae mahali anaposikia vizuri, na mwenye miwani aivae. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: utumbo, ute, askari, mpatanishi. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Maneno hayo ndiyo yatakayotuongoza leo.

Somo hili limetokana na barua. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa kubwa, na bibi aliyeiandika anasema ni barua yake ya kwanza tangu azaliwe. Nitawasomea.

“Mwalimu wa redio, salaam. Mjukuu wangu yuko darasa la pili. Shuleni wamesema watoto wote watapewa vidonge vya minyoo. Kijana wa jirani yangu amesoma mahali ya kwamba minyoo hutuliza mwili, na kwamba watu wasio na minyoo ndio wapatao pumu. Mama wa mtoto huyu ana pumu. Je, nimwache mtoto ameze kidonge, au nimwambie akiteme?”

Bibi, shikamoo. Swali lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Mabingwa wa uganga katika nchi nyingi wamelishughulikia kwa miaka zaidi ya 20, na baadhi yao walilichunguza hapa hapa Afrika Mashariki. Kijana wa jirani hakusema uongo. Amesema nusu ya habari, na sisi leo tutaitafuta nusu ya pili.

Kwanza tumjue mgeni mwenyewe. Watu wa pwani humwita mnyoo wa tumboni mchango. Neno hili lina maana mbili, nanyi mnazijua: mchango wa harusi hutoka mfukoni mwako kwa hiari, na mchango wa tumboni hujichukulia wenyewe bila kukuuliza. Wako wa namna nyingi. Yuko yule mkubwa wa mviringo, aonekanaye kama mnyoo wa udongoni, ambaye huweza kufika urefu wa sentimita 30. Yuko tegu. Yuko mnyoo wa kichocho, akaaye ndani ya mishipa ya damu. Na yuko mnyoo wa safura, mdogo, kama sentimita moja tu, mwembamba kama uzi. Leo tutamfuata zaidi huyu wa safura, maana huyu mdogo ndiye mwenye hasara kubwa ya damu.

Mnyoo wa safura kwa kawaida haingii kwa mdomo kama baadhi ya wengine. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mtu, huangua katika udongo wenye unyevu, na baada ya siku chache watoto wa mnyoo hungoja hapo. Mtu akipita miguu mitupu, hupenya ngozi yake. Jambo hili liligunduliwa kwa ajali. Karibu na mwaka 1898, bingwa Mjerumani aitwaye Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo nchini Misri, alimwagikiwa mkononi na maji yenye watoto wa minyoo hao. Mkono ukamwasha, ukawa mwekundu. Baada ya majuma kadhaa akakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Watoto wa minyoo wakishapenya ngozi husafiri katika damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndipo wafikapo katika utumbo mwembamba. Huko huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mnyoo huyu hukaa humo miaka 3, hata 5, na pengine zaidi. Mwiba mdogo ukikuchoma kidoleni, baada ya siku mbili mahali hapo pamevimba, pana joto, panatoa usaha. Mwili umekataa. Lakini mnyoo ana mdomo, ana choo, anataga mayai kila siku, anauma nyama yako miaka mitatu, na mwili unanyamaza. Kwa nini?

Tuwaangalie askari. Katika damu yenu mna chembe nyeupe, ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini. Hao ndio askari wa mwili. Kiini cha ugonjwa wa kuhara damu ni kidogo kuliko askari, kwa hiyo askari hukizunguka na kukimeza. Lakini mnyoo atamezwaje? Askari mmoja ana upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Mnyoo wa safura ana milimita 10. Ni sawa na wewe kukutana na joka lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Humli joka hilo. Njia iliyobaki ni kulifukuza.

Na utumbo unajua kufukuza. Katika ukuta wake kuna chembe chache zenye vinywele vifupi kichwani, mfano wa brashi. Mabingwa waliziona tangu zamani, lakini ilikuwa mwaka 2016 walipoonyesha, kwa kuchunguza panya, ya kwamba chembe hizi ndizo wapiga mbiu. Zikimtambua mnyoo, hupiga mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ukuta wa utumbo hutoa ute mwingi kuliko kawaida. Ute ni ule utelezi, kama wa bamia, unaoufunika utumbo kwa ndani. Ukizidi, mnyoo huteleza, hapati pa kushika. Maji huongezeka. Misuli ya utumbo hukaza na kulegea upesi upesi, kama mtu anayekung'uta gunia. Kisha kutoka katika damu huja kikosi maalumu, chembe ambazo Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, alizitambulisha mwaka 1879 alipoona zinashika rangi nyekundu kupita nyingine. Kikosi hiki hubeba sumu na kuwamwagia watoto wa minyoo.

Ute mwingi, misuli kukaza, na kikosi chenye sumu. Mwalimu, tafadhali yaandike haya matatu ubaoni, usiyafute. Sasa mtazameni mtu mwenye pumu. Kifua chake kimejaa ute. Misuli ya njia za pumzi imekaza, anavuta hewa kwa shida. Na daktari akipima, katika wagonjwa wengi hukikuta kikosi kile kile cha Ehrlich. Mnaona? Ni silaha zile zile. Kwa mtu huyu askari wamekosea adui. Wameona vumbi la godoro, au manyoya ya paka, wakapigana kama wanavyopigana na mnyoo. Kosa la namna hiyo, la mwili kupigana na kitu kisicho na madhara, huitwa mzio. Ukurutu wa ngozi kwa watoto wachanga mara nyingi huwa ni ndugu yake.

Basi hapo ndipo tunapomhitaji mtu wa nne katika maneno yetu, yaani mpatanishi.

Fikirini kila mnachokula. Wali, maharagwe, dagaa, ndizi. Vyote hivi ni vitu vigeni kwa mwili wenu. Tena ndani ya utumbo mpana wanaishi vijidudu wengi kupita hesabu, na wengi wao wanatusaidia kusaga chakula. Kama askari wangepigana na kila kigeni, utumbo ungekuwa uwanja wa vita kutwa kucha. Kwa hiyo mwili unao askari wengine ambao kazi yao si kupigana bali kuwazuia wenzao. Huwaambia: acheni, huyu ni chakula, acheni, huyu ni jirani. Sisi tutawaita wapatanishi. Bingwa wa Ujapani, Shimon Sakaguchi, aliwaeleza waziwazi mwaka 1995. Mwaka 2001 mabingwa wawili wa Marekani, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walitambua sehemu ya urithi wa mwili ambayo baadaye ilijulikana kuwa ndiyo inayowafanya wapatanishi wawe wapatanishi. Mwaka 2025 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel.

Wako watoto wachache duniani, takriban wote wavulana, waliozaliwa na kasoro katika sehemu hiyo. Hawana wapatanishi wa kufaa. Huharisha vibaya tangu uchanga, ngozi yao hujaa ukurutu, na wengi hupata kisukari wakiwa wadogo sana, kwa sababu askari wao wenyewe wanaushambulia utumbo na viungo vingine. Nawaambia habari hii ili msidhani kutuliza askari ni jambo baya daima. Bila utulivu, tumbo haliwezi hata kupokea uji.

Mnyoo naye ameligundua jambo hilo, muda mrefu kabla ya Sakaguchi. Akikaa ndani ya utumbo hutoa majimaji mdomoni na mwilini mwake. Baadhi ya majimaji hayo huzuia damu isigande, apate kunyonya vizuri. Mengine huelekea kwa askari. Mfano uliochunguzwa sana ni wa mnyoo mmoja wa panya. Mwili wa panya, kama mwili wa mtu, una dawa yake ya asili inayowaita wapatanishi kazini. Dawa hiyo ni kama ufunguo, na askari ana kitasa chake. Mwaka 2017 mabingwa wa Uingereza na wenzao walitangaza ya kwamba mnyoo huyo hutengeneza ufunguo wake mwenyewe. Ufunguo huo haufanani kabisa na ule wa mwili, hata kidogo. Ni kama umechongwa na fundi mwingine katika mji mwingine. Lakini ukitiwa katika kitasa kile kile, hufungua. Askari aliyekuwa tayari kupigana hugeuka kuwa mpatanishi, na kuanza kuwazuia wenzake.

Huyo ni mnyoo wa panya, na si kila mnyoo wa mtu ana ufunguo wa namna hiyo hiyo. Lakini watu wenye safura au kichocho kwa muda mrefu wamepimwa, na mara nyingi damu yao huonyesha alama za utulivu wa namna hii. Mnyoo hapendi vita. Pia hapendi ufe. Hawezi kuzaana ndani yako akaongezeka. Mayai yake sharti yatoke nje, yafike udongoni. Ukifa wewe, naye amekwisha.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, basi mnyoo na mtu wamepatana, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba utulivu huo hauchagui, wala haukai karibu na mdomo wa mnyoo peke yake. Huenea. Nchini Ecuador watoto wenye minyoo wakubwa wa mviringo walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Baadhi yao walikuwa wamepewa dawa ya minyoo kwanza, wengine hawakupewa. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: miili ya wale waliotibiwa iliitikia chanjo vizuri zaidi. Maana yake, pale penye mnyoo askari walisinzia hata walipofundishwa adui wa kweli.

Mwaka huo huo wa 2000 ikatoka habari nyingine, kutoka Lambaréné nchini Gabon. Watoto wa shule walipimwa ngozi kwa vumbi la nyumbani. Wale wenye kichocho ngozi zao ziliwasha kwa uchache kuliko za wale wasio nacho. Watoto wengine wa huko walipotibiwa minyoo mara kwa mara, ngozi zao zikaanza kuwasha zaidi. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2004. Hiyo, Bibi, ndiyo nusu ya habari aliyoisoma kijana wa jirani. Ni habari ya kweli.

Katika Marekani na Ulaya wakafurahi mno. Huko minyoo wamekuwa wachache tangu vyoo na viatu vilipoenea, na magonjwa ya askari kukosea yameongezeka. Mojawapo ni ugonjwa wa Crohn, ambao utumbo huvimba na kuuma bila kiini cha ugonjwa kuonekana. Madaktari wa jimbo la Iowa waliwapa wagonjwa 29 mayai ya mnyoo wa nguruwe wayanywe, mayai 2,500 kila majuma matatu. Naona mmekunja nyuso. Lakini mtu aliyeteseka miaka kumi na tumbo hakatai kirahisi. Mwaka 2005 walitangaza ya kwamba baada ya majuma 24 wagonjwa 23 walikuwa wamepata nafuu.

Kosa lilikuwa moja: hapakuwa na kundi lililopewa maji matupu ili kulinganisha. Mtu akiamini amepewa dawa, mara nyingi hujisikia vizuri. Mwaka 2013 jambo lilipimwa upya kwa watu wengi zaidi, wengine mayai, wengine maji yasiyo na kitu, na hakuna aliyejua amepewa nini. Mayai hayakushinda maji. Mimi husema jaribio la namna hii ndilo hakimu wa kweli, na linafaa kukumbukwa kila unapoambiwa dawa fulani ilimponya jirani wa mtu.

Sasa turudi nyumbani kwetu, maana swali la Bibi linahusu mtoto wa huku, aliye na minyoo wa huku. Uganda walilipima jambo hili mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa Entebbe. Kati ya mwaka 2003 na 2005 wanawake wajawazito 2,507 waliandikishwa. Wengine walipewa dawa ya minyoo na wengine vidonge visivyo na dawa, na watoto wao wakafuatwa baada ya kuzaliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Watoto ambao mama zao walimeza dawa iitwayo albendazoli walipata ukurutu kwa wingi zaidi kuliko wengine. Sitawaficha hilo. Kwa upande wa chanjo, watoto wa mama waliotibiwa hawakuitikia vizuri zaidi, tofauti na ilivyokuwa Ecuador. Kwa hiyo mambo haya hayafuati mstari ulionyooka, na anayekuambia ni rahisi, mwulize vizuri.

Mara ya pili walikwenda katika visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Victoria, penye vijiji vya wavuvi na kichocho kingi. Walichukua vijiji 26. Vijiji 13 vilipewa dawa kwa kiasi cha kawaida: dawa ya kichocho mara moja kwa mwaka, na ya minyoo wengine mara mbili. Vijiji 13 vingine vilipewa dawa nyingi zaidi, mara nne kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Kama nusu ile ya habari ingekuwa habari nzima, vijiji vilivyopewa dawa nyingi vingejaa watu wanaokohoa na kukoroma kifuani. Haikuwa hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha minyoo wamepungua zaidi, lakini kukoroma kwa kifua hakukuzidi, wala ngozi hazikuwasha kuliko za vijiji vile vingine.

Basi Bibi, mwache mtoto ameze. Nakujibu hivyo kwa sababu ya visiwa vile, na kwa sababu ya hesabu ifuatayo. Wanafunzi, chukueni daftari.

Mnyoo mmoja wa safura wa namna iliyo ya kawaida kwetu hupoteza damu ya mtu kama mililita 0.03 kwa siku. Ni kidogo, hata tone zima halifiki. Mtoto mwenye minyoo 100 hupoteza mara mia: mililita 3 kwa siku, zaidi ya nusu ya kijiko cha chai. Zidisheni kwa siku 30. Mmepata ngapi? Ni mililita 90, kikombe cha kahawa kilichojaa na kumwagika, kila mwezi, kutoka kwa mtoto wa darasa la pili. Huko Pemba, watoto wa shule walipopimwa katika miaka ya 1990, karibu wote walikuwa na minyoo, na safura ilikuwa sababu kubwa ya kupungukiwa damu. Mtoto wa namna hiyo husinzia darasani, mwalimu akadhani ni mvivu.

Mnyoo anatuliza, ndiyo, lakini anajitulizia yeye. Huwezi kumwagiza atulize kifua cha mtoto na kuiacha damu yake.

Machache ya kufanya. Mtoto mdogo akitafune kidonge, asikimeze kizima, kisije kikamkwama. Tumbo likimsokota kidogo siku hiyo, mara nyingi hupita. Kama kweli mtoto anakoroma kifuani usiku, hiyo ni kazi ya zahanati, mpeleke. Pumu ina dawa yake ya kuvuta. Mama mjamzito asimeze dawa ya minyoo katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo mhudumu wa kliniki ndiye atakayemwambia. Na kidonge huwatoa minyoo waliomo tu. Hakiwazuii wanaongoja udongoni. Kwa hao ni choo na viatu.

Tumebakiza dakika chache. Kazi ya wiki hii si ya kusoma, ni ya kuandika. Kila mmoja aandike sentensi tatu, akimweleza kijana yule wa jirani nusu ya habari ambayo hakuisoma. Mwalimu atachagua barua moja iliyo wazi kuliko zote na kuituma kwetu, nasi tutaisoma hapa redioni, kwa jina la mwandishi ikiwa mwenyewe ataridhia.

Bibi, tunangoja barua yako ya pili. Kwaherini.